Sura ya Mwanangu Haikai Kichwani

Walioninyang'anya mtoto ni watatu. Mama mkwe wangu, mume wangu, na katekista wa kigango chetu. Majina siandiki. Mmoja ameshakufa na kaburi lake wamelipiga marumaru, wawili wanakula na kulala vizuri tu. Watu wa kule juu ya Dongobesh wakisoma hapa watawajua, na wakiwajua wasije kuniuliza kwa nini nimesema. Nimenyamaza miaka mingi na kunyamaza hakujanisaidia kitu.

Ili mnielewe, kwanza nieleze kichwa changu.

Sura ya mtu kwangu haikai. Si kwamba macho ni mabovu. Nikikutazama naona pua yako, meno yako, kidevu chako, vyote. Ukigeuka, vimefutika. Ukirudi kesho umevaa koti lingine, wewe ni mgeni, nitakusalimia upya na kukuuliza habari za safari wakati umetoka nyumba ya pili. Watu nawajua kwa nguo, kwa mwendo, kwa sauti, kwa namna mtu anavyokohoa. Mume wangu nilimjua kwa kofia yake. Siku moja alirudi amenyoa ndevu na kofia ameisahau kwa kinyozi, nikamtolea kiti nikamwambia, "Karibu, mwenye nyumba hayupo." Siku ile alicheka. Baadaye aliacha kucheka.

Lakini vitu vinakaa. Kitenge nikikiona mara moja hakitoki. Siku niliyojifungua, mama wa kitanda cha pembeni alikuwa amejifunga kitenge cha njano chenye picha za feni, na pindo lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweusi, labda wa njano ulimwishia fundi. Yule mama mwenyewe akipita hapa sasa hivi sitamjua. Kitenge kikipita, nitasimama. Maneno nayo yanakaa vile vile yalivyosemwa, na sauti ya aliyeyasema. Kwa hiyo haya ninayoandika sikuyakadiria. Walivyosema ndivyo walivyosema.

Kuna kingine. Ukiniuliza swali pana, "hebu tueleze ilikuwaje," nakwama. Yote yamo ndani, lakini mlango siuoni. Ukiniuliza kitu kimoja, kwamba siku ile mlipika nini, kinatoka hicho na kingine nyuma yake mpaka wewe ndiye uchoke. Na ukinituma vitu vitatu nitaleta kimoja. Shuleni Masakta mwalimu alinituma chaki, fimbo na rejista, nikarudi na fimbo tu. Nikachapwa nayo. Darasa lilicheka mpaka wengine wakalalia madawati. Nilipofika la tatu baba alisema basi, huyu akachunge mbuzi. Mbuzi niliwajua wote.

Hakuna aliyejua hii kitu inaitwaje. Nimekuja kujua nikiwa na miaka arobaini na kitu, nilipomsindikiza dada yangu hospitali na mtoto wake asiyesema. Mtaalamu alimweleza juu ya usonji, akasema wako wanaokumbuka vitu vidogo ambavyo wengine hawavioni, halafu sura ya jirani inawapotea, na kuna wanaozeeka bila kuambiwa. Dada yangu akanigeukia. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Nilitaka kumuuliza yule mtaalamu siku zangu ulikuwa wapi, lakini alikuwa kijana mdogo, nadhani siku zangu yeye alikuwa mwanafunzi.

Sasa mtoto. Nilimzaa mmoja tu, binti. Nyumbani sikuwahi kumpoteza, kwa sababu alikuwa na sauti yake, na kutembea alikuwa hatembei, anaruka kama mwanakondoo. Shida ilianza alipoingia darasa la kwanza. Watoto wote wamenyolewa upara, wote shati jeupe, wote sweta la bluu maana kule juu baridi haiondoki. Kengele ikigongwa wanamwagika uwanjani, na mimi nimesimama njiani, sijui yupi wangu. Wanawake wengine wanaita tu, "Njoo huku we!" na mtoto anakuja. Nikatafuta akili. Kwenye kiwiko cha sweta lake nikashonea kiraka cha kitenge chekundu. Nikawa natafuta kiraka.

Siku moja ya mvua watoto waliazimana masweta darasani. Nikaona kiraka, nikamshika mkono mwenye kiraka, nikamfunika kwa kanga tukaondoka. Tulikuwa tumeshavuka kijito ndipo akasema, "Mama, kwetu si huku." Sauti si ya mwanangu. Nikageuka mbio naye mgongoni. Mwanangu nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya darasa analia, na bibi yake amesimama pembeni. Mama mkwe wangu alikuwa anatoka mashineni kusaga, unga kichwani. Hakupiga kelele. Alisema polepole, kwa Kiiraqw, "Hata mbwa wangu anawajua wanawe."

Mume wangu alikuwa na mwanamke mwingine Mbulu mjini. Sababu ya kuniacha alikuwa anaitafuta muda, sasa mama yake akamletea mkononi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, niliitwa kwenye kikao nyumbani kwa mama mkwe. Walikuwepo yeye, mume wangu, wifi yangu, wazee wawili wa ukoo, na katekista amekaa kwenye kiti chenye mto. Nilikaa kwenye gogo. Katekista ndiye aliyeanza.

"Mama, hatukuja kukuhukumu. Sisi tunataka kusikia moyo wako. Tueleze tu maisha ya mtoto wako, tangu umzae mpaka leo."

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Chukua muda wako," akasema.

Nikachukua muda. Kuku walikuwa wanachakura karibu na mguu wangu. Wifi akasema, "Mtoto mmoja hana hata neno la kumsemea. Angekuwa nao sita je? Si angewauza kwa kusahau!" Wakacheka. Mume wangu naye alicheka, kwa pua.

Wangeniuliza, alipougua homa ulimpa nini? Ningewaambia ule uji, lile bakuli la bluu lililobanduka rangi ukingoni, na alivyosema, "Mama, miguu yangu imelala." Wangeniuliza jino la kwanza liling'oka wapi. Yote ninayo mpaka leo, kwa mpangilio wa vitu. Hakuna aliyeuliza.

Mama mkwe akainuka. "Tusimchoshe mwenzetu. Tumpe rahisi." Akaita, na nyuma ya jiko wakatoka watoto watano wa kike wamepangwa mstari, sare kamili, sweta na soksi ndefu mpaka magotini, Jumapili. Katekista hakushangaa. Ndiyo maana nasema alijua.

"Atakayefungua mdomo atakula fimbo," bibi akawaambia. Kisha akanigeukia. "Haya mkwe. Mchukue wako mwende nyumbani."

Mume wangu akaongeza, "Ukimchukua, mimi sina neno tena. Mbele ya wazee hawa."

Nikasimama. Vichwa vitano, vyote vimenyolewa. Nikasema, "Waambieni watembee kidogo."

Mzee mmoja akasema, "Hawa si ng'ombe wa mnada, mama." Wakacheka tena.

"Basi washushe soksi. Wangu ana kovu la kuunguzwa na uji kwenye muundi wa kushoto."

"Mama," katekista akasema, kwa ile sauti yake ya mahubiri, "sura iko hapo mbele yako. Soksi ya nini?"

Nilitazama zile sura moja moja. Nilitazama kweli kweli, na ninajua nilitazama kuliko mama yeyote aliyewahi kumtazama mtoto. Wa tatu alikuwa na kiraka chekundu kiwikoni. Uzi ule niliushona mwenyewe. Nikamshika mkono.

Kule mwisho wa mstari mtoto akalia kwa sauti, "Mama! Mama, mimi hapa!" Nikamjua. Kwa sauti nilimjua palepale, nikamkimbilia, lakini mume wangu alikuwa ameshamnyanyua.

Mama mkwe ndiye aliyebadilisha yale masweta. Kiraka alikijua, alikuwa ameniona nikikishona. Nilipiga kelele nikasema amebadilisha, na wifi akajibu, "Sasa mama anamjua mtoto au anajua sweta?" Mzee mwingine akatema mate chini. Mume wangu akasema, "Kikao kimekwisha."

Walimpeleka mtoto Mbulu mjini siku hiyohiyo. Mimi katekista alisema nina pepo la usahaulifu, akanifungia chumba cha nyuma nyumbani kwake kwa maombi, bila chakula, mpaka nikawa siwezi kusimama. Nilipona. Nilipotoka nilijikokota mpaka ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akavuta kiti, akasema, "Haya mama, eleza ilivyokuwa, tangu mwanzo." Nikakwama tena. Akaniambia nirudi nikiwa nimetulia. Nilirudi nimetulia, na akasema vilevile.

Nikarudi kwetu Masakta kwa kaka. Wake za kaka hawakunitaka, nikaenda Haydom. Pale wagonjwa wanashushwa na mabasi kutoka kila upande, na wanaowauguza wanataka chai. Nina meza, jiko la mkaa, chupa mbili za chai na beseni la maandazi. Kazi hii inanifaa. Kila mteja ni mgeni kweli, hakuna wa kunikasirikia.

Mwaka huu, mahindi yakiwa yamekauka shambani, alikuja msichana na mtoto mchanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu chai."

Alivaa viatu vya plastiki vya kijani, kile cha kulia kimepasuka kisiginoni. Sketi ya marinda. Mkoba wa kahawia ambao zipu ilikufa akaubana na pini. Mtoto alikuwa na kofia nyeupe ya kufuma yenye kishada cha rangi ya chungwa. Alikaa, akanywa nusu kikombe. Maandazi mawili, akala moja.

"Mama, umeuza hapa siku nyingi?"

"Nyingi."

"Una watoto?"

Hilo swali wateja huwa wananiuliza, na mimi huwa najibu jibu moja. "Chai inapoa," nikamwambia.

Akaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Naomba unishikie mtoto nijifunge kanga vizuri." Nikampokea. Mtoto alinukia maziwa na mafuta ya nazi, akanishika kidole akakikaza. Yule msichana hakujifunga kanga. Alisimama mbele yangu, mikono imening'inia, ananitazama usoni. Nikamwambia, "Funga basi, upepo huu utakuumiza mgongo." Akamchukua mtoto, akalipa, akaondoka.

Mwenzangu anayeuza parachichi meza ya pili akaja mbio.

"Mbona umemwacha aende?"

"Nani?"

"We mama! Si mwanao yule? Umemfyatua kama tofali! Alifikia kwangu kwanza, akaniuliza anayeuza chai ndiye yule mama wa Masakta aliyeolewa Dongobesh? Nikasema ndiye. Nikajua mnasalimiana." Kisha akapunguza sauti. "Amepita hapa analia, shoga yangu. Amesema, bibi alisema kweli, hata nikisimama mbele yake hatanijua."

Niliacha jiko linawaka nikakimbia stendi. Basi moja lilikuwa linapakia. Nikapanda, nikawa napita katikati ya viti nimeinama, natazama miguu.

"Mama, umeangusha nini?" konda akauliza.

"Mwanangu."

"Amevaaje?"

"Viatu vya kijani. Kimoja kimepasuka."

"Ana sura gani?"

Nikainama tena kutazama miguu. Abiria mmoja akasema, "Mwache, mgonjwa huyo, wa hospitali." Hakukuwa na viatu vya kijani. Basi la Mbulu lilikuwa limetoka kitambo kidogo.

Nilikwenda mpaka kule juu. Mama mkwe ndiye aliye chini ya marumaru sasa, wifi ndiye mwenye nyumba. Hakunikaribisha. Niliposema namtafuta binti yangu, ameolewa wapi, anaishi wapi, aliegemea mlango akanitazama. "Kama ukimwona humjui," akasema, "ukipelekwa kwake utafanya nini?" Mume wangu nilimpigia simu kwa namba niliyopewa na jirani. Aliposikia ni mimi alikata.

Kwa hiyo ile siku ninayo yote. Ninayo pini ya mkoba, ninayo andazi lililobaki, ninayo uzito wa yule mtoto kwenye mkono wangu wa kushoto. Uso wa mwanangu sina, na alinipa muda mrefu wa kuutazama. Na vile nilivyo navyo havitanisaidia. Viatu vile vitakuwa vimeshatupwa. Mtoto atakua, kofia haitamwenea. Sauti niliyokuwa naijua ilikuwa ya mtoto wa miaka saba, ya sasa nimeisikia kwa maneno machache ambayo kila msichana anamwambia muuza chai.

Nimeamua kuuliza. Kila msichana akija na mtoto, kabla sijamimina namuuliza, "Wewe si mwanangu?" Wengine wanaogopa wanahama meza. Biashara imepungua. Vijana wa bodaboda wamepata mchezo, wananiletea hata wazee wenye mvi: "Mama, na huyu je? Mwangalie vizuri!" Wanacheka, na mimi nimezoea kuchekwa, acha wacheke.

Leo asubuhi amekuja mmoja, mtoto mgongoni. Nikamuuliza.

"Hapana mama," akasema. "Mimi natoka Singida, nimemleta mume wangu."

"Haya," nikamwambia. "Karibu chai."