Podikasti za Mulki

Mulki anauza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, nami nikipita mjini hukaa karibu na mitungi yake, maana pale kuna kivuli na yeye hanifukuzi. Sikio lake moja ni la wateja, la pili ni la simu. Waya umepita chini ya buibui, hata huwezi kuuona. Miaka kumi hivi anasikiliza podikasti, vile vipindi mtu anaweka kwa simu na kuvisikia akitaka.

"Leo ni nini, Mulki?"

"Wanawake wa Nairobi wanagombana juu ya mke wa pili. Nyamaza, mzee, imefika patamu."

Aliipenda hiyo, na darsa za sheikh mmoja mwenye kikohozi. Lakini iliyozidi zote ni ya Abdihafid, mtoto wa dada yake, anayehoji wazee juu ya visima na safari za ngamia. Daud wa Lafey, kaka yake Mulki, alizungumza humo mara nyingi.

"Mwongo huyo," Mulki angesema, kisha anaongeza sauti.

Juzi alikuwa anampimia mama mmoja, maziwa yakajaa kikombe, yakaanza kumwagika.

"Abaayo, dada yangu, unamwaga!"

Mulki akafunika mtungi, akatoa waya sikioni. Aliponigeukia sauti yake ilikuwa ya kawaida tu.

"Abdihafid amesema marehemu Daud. Amemwombea rehema, kisha akaendelea na kipindi."

Kwetu kifo hakisemwi hivyo. Ndugu wa karibu hutumiwa mtu wa ukoo. Huyo hufika, akakaa, akanywa chai, akaulizwa mvua na mifugo, akajibu yote. Mwisho kabisa ndipo analitoa lile neno, akiwa karibu, ili ukianguka akushike. Bila shaka kijana alidhani mjumbe alishafika.

"Si upige simu Lafey?" nikamwambia.

"Nimuulize nani? Anayekuja yuko njiani. Wacha afike."

Akaendelea kuuza. Nilimtazama usoni, sikuona kitu. Mteja akamtania kwamba maziwa yana maji, naye akamjibu, "Basi ogea."

Kabla ya alasiri akatokea Muse, mtoto wa ami yake, tope mpaka kwenye kope. Gari lao lilikuwa limekwama matopeni njiani. Mulki aliniangalia, nikajua nifunge mdomo. Akaagiza chai, akamsogezea kiti.

"Habari ya Lafey?"

"Majani yapo."

"Ngamia?"

"Wengine wamezaa."

"Na kile kisima?"

"Kimechimbwa tena."

Aliuliza kila kitu isipokuwa kaka yake. Muse alikuwa anazungusha kikombe tu. Mwishowe akakiweka chini, akasogea.

"Abaayo, Daud ametutangulia."

"Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun," Mulki akasema, kama ndiyo kwanza anasikia.

Muse akamshika bega, akangoja. Hakuanguka, hakulia. Mkono ukabaki pale bila kazi.

"Lia, abaayo."

"Nitalia. Nenda uswali kwanza, wanaadhini."

Muse alipokwenda msikitini, simu ikaita. Ilikuwa sauti ya Abdihafid, analia mpaka mimi namsikia.

"Habaryar, mama mdogo, nisamehe! Nilidhani Muse ameshafika! Umesikia kwangu?"

Mulki alitazama mlango wa msikiti, viatu vimejaa pale nje.

"Muse amefika," akasema. "Amekunywa chai, ameniambia vizuri."