Kitambaa cha Eilif

Kivuko kiligusa gati la kisiwa ambacho Torunn hakuwahi kukikanyaga, na neno la kwanza la mwenyeji lilikuwa, "Yuko wapi yule wa piano?"

Torunn, aliyetunga nyimbo zote za bendi na kuziimba kwa gitaa lake miaka mingi, akamwonyesha kwa kidole. Eilif alijiunga nao majira ya baridi yaliyopita tu. Lakini tangu aje, watu waliozoea kupiga gumzo katikati ya nyimbo zao walikuwa wakinyamaza na kufuta machozi. Siri yake ilikuwa kipande cha sufu nzito alichokitandika ndani ya piano, kati ya nyundo na nyuzi. Alianza kukitumia alipoishi ghorofani, akikwepa malalamiko ya majirani. Sauti ilitoka laini, kama mtu anayekunong'oneza shingoni. Hata Torunn ilimyeyusha, na hapo ndipo palipomuuma.

Sasa Eilif alitaka wimbo ambao Torunn alimtungia bibi yake mwenyewe uanze kwa piano peke yake.

"Leo tuujaribu hivyo," alisema Sjur, mpiga ngoma, wakiingia katika nyumba ya sala walimoalikwa kupiga. "Ukiwagusa watu, tunaurekodi hivyo hivyo. Usininunie."

"Nani kanuna? Huu ndio uso wangu."

"Basi uso wako una kesi na mtu."

Wenzake walipokwenda kunywa kahawa, Torunn alifungua piano kuukuu ya nyumba ile, akachomoa kitambaa ambacho Eilif alikuwa ameshakitandika, akakisokomeza mfukoni mwa koti.

Zamu ya wimbo ule ilipofika mbele ya watu, Eilif akagusa vibonyezo na piano ikalia kwa kishindo. Akashtuka, akamtazama Torunn. Torunn akainamia gitaa. Lakini kwa watu wa pale, piano ile ikilia hivyo maana yake ni moja tu kila Jumapili: simameni muimbe. Wakasimama. Kiitikio kiliporudi mara ya pili walikuwa wamekishika, wanawake juu, wanaume chini, hadi madirisha yakatetemeka. Gitaa la Torunn hakulisikia hata yeye mwenyewe.

Baadaye Borghild, mtunza nyumba ile, alipita na sahani ya keki za vaffel na jibini ya kahawia, akaanzia kwa Eilif.

"Kula, mwanangu. Umetuimbisha!"

"Wimbo ni wa Torunn, mama."

"Lo! Na adabu anayo!" Akamwongezea jibini.

Kivuko kilipopiga honi, Eilif alikuwa bado anapekua begi. "Torunn, kitambaa changu hujakiona?"

"Si kimeanguka mahali?"

Eilif akafunga begi. "Labda."

"Twende, dada," Sjur akaita.

"Tangulieni. Namsaidia mama kuosha vyombo, nitapanda cha kesho. Na ule wimbo, rekodini hivyo hivyo."

Kutoka mlangoni Torunn aliwatazama mpaka kivuko kikageuka nyuma ya mwamba. Kisha akarudi kwenye piano, akakitandika kitambaa palepale, akatafuta kwa vidole vizito mwanzo wa wimbo wake.

"Piga kwa nguvu, binti!" Borghild akapaza sauti kutoka jikoni. "Hatukusikii!"