Mwenyeji Asiyeulizwa

Nawoi alizaliwa ukingoni mwa Tarach, mto wa Kakuma ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Kwao hakuna aliyehitaji neno la kumwambia kwamba yeye ni wa pale. Kulikuwa na neno emoit, la mtu wa kuja, ambalo pia ni neno la adui. Waliobaki walikuwa watu tu.

Kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa, yeye alikuwa msichana wa kuchunga mbuzi. Akakua akiuza kuni kambini, kisha akapata kibarua cha kufua na kuteka maji kwa Liliane, Mkongomani aliyekuwa akipika maandazi na chai. Malipo yalikuwa unga, mara nyingine sabuni. Kiswahili alifundishwa na Liliane huyo huyo, beseni likiwa katikati yao.

Mwaka 2012 malori yalileta wakimbizi wapya hadi kambi ikafurika. Chifu akaita baraza la wenyeji. Aliyekuja kuzungumza ni afisa wa shirika moja, kijana aitwaye Kamande. Kwao ni Nyandarua, na Waturkana wakimwona mtu kama huyo husema ametoka Kenya, kana kwamba Turkana ni nchi nyingine.

Kamande alieleza kwamba eneo la upande wa magharibi litapewa wakimbizi wapya, na maboma yaliyoko huko yatasogea kidogo tu. Akamaliza kwa kutabasamu. "Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Boma la Nawoi lilikuwa huko magharibi. Akasimama, ingawa hakuna mzee aliyekuwa amekwisha kusema.

"Huyo mwenyeji ni nani?"

"Ni nyinyi, mama. Mwenyeji ni mwenye mji. Mwenye mahali."

"Mgeni akikuja kwa nyumba, nani anamkaribisha?"

"Mwenye nyumba."

"Mimi sikukaribisha mtu. Nilipeleka mbuzi malishoni, nikarudi nikapata nyinyi." Akamnyoshea Kamande kidole. "Tena unasema mwenyeji apone. Kiangazi ya mwaka jana mama yangu Achai alikufa njaa, hapo tu, na kambini watu walikuwa wanagawiwa mahindi. Nilienda kuomba. Askari wa geti aliniambia hiyo chakula si ya wenyeji. Ndiyo siku nilisikia hilo neno mara ya kwanza. Sasa limerudi tena, linataka nyumba. Huyo mwenyeji wako anapona lini?"

Chifu akamwambia aketi. Kamande akasema maoni yake yamepokelewa.

Mwezi uliofuata trekta likaja. Achai alikuwa amezikwa ndani ya zizi la mbuzi, mahali pa heshima, na juu yake palipangwa mawe. Nawoi akaenda akaketi juu ya mawe hayo. Dereva akazima injini. Chifu alipofika alimwambia wazee walishakubali.

"Wazee gani? Hiyo nyumba nilijenga na mikono yangu. Nani aliwapa ruhusa wakubali kwa niaba yangu?"

Trekta likazunguka kaburi, likaing'oa nyumba, likalisambaratisha zizi. Yeye akabaki ameketi pale pale, vumbi likimshukia, mawe ya mama yake yakiwa peke yake katikati ya uwanja uliosawazishwa.

Uchaguzi wa 2013 ulipokwisha, kaunti zikaanza, na kila mtu alikuwa akisema serikali imekuja nyumbani, sasa mambo yote ni ya wenyeji. Nawoi akauza mbuzi mmoja, akaenda Lodwar kushtaki. Katika ofisi ya kaunti aliyoelekezwa alimkuta kijana wa Kiturkana, Lomuria, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, anaongea Kiingereza kwenye simu. Nawoi akamwamkia: "Ejok." Kijana akamjibu kwa Kiswahili.

Alimsikiliza mpaka mwisho, sifa hiyo Nawoi hakumnyima. Kisha akasema, "Mama, kaunti ni yetu, lakini mambo ya kambi yako Nairobi na kwa Wazungu. Halafu wenyeji walipewa nafasi ya kusema."

"Nilisema."

"Basi, mama. Ulisema."

Alirudi Kakuma akiwa hajala. Alikwenda moja kwa moja kwa Liliane, na kabla hata ya kusalimia akalipiga teke beseni la nguo. Maji yakatapakaa hadi jikoni.

"Nyinyi mnapewa chakula, mnajengewa nyumba, na bado mmekula boma yangu. Mnataka mlale juu ya mama yangu?"

Liliane aliziokota nguo, akazikung'uta mchanga, moja baada ya nyingine. Kisha akaketi.

"Unajua miye niko hapa kwa nini? Kule kwetu walisema miye si mwenyeji. Babu yangu alizaliwa pale, baba yangu pale. Wakakuja na mapanga, wakasema hapa ni pa wenyeji. Bwana yangu walimuua juu ya neno hilo. Wewe wanakuita mwenyeji, halafu wanakunyang'anya. Miye walininyima jina, wakaninyang'anya vilevile."

"Kwa hivyo nikuonee huruma?"

"Sijakuomba huruma. Kasirika. Una haki. Lakini beseni yangu haikuchukua boma yako."

Nawoi hakuomba msamaha. Aliondoka, na kwa muda hakurudi kufua.

Akaanza kujenga upya ng'ambo ya Tarach. Jumapili moja, watu walipotoka kanisani, Liliane akavuka mchanga na mzigo wa makuti ya mkoma kichwani. Hakukaribishwa, hakufukuzwa. Alifunga makuti vibaya, kama mtu asiyewahi kujenga nyumba ya Kiturkana, na Nawoi akawa anayafungua nyuma yake na kuyafunga upya. Kufikia jioni kuta zilikuwa zimesimama.

Baada ya mvua fupi shirika likaleta bomba la maji kwa watu wa ng'ambo. Kamande akaja na mpiga picha na fulana nyeupe zilizoandikwa JAMII WENYEJI, akawaomba wanawake wazivae, wapange mstari mbele ya mfereji.

Nawoi akafika na mbuzi wake.

"Mama, samahani, haya maji ni ya watu tu," Kamande akasema. "Mifugo itaharibu."

Nawoi alimtazama. Akampita, akafungua mfereji mpaka mwisho, maji yakajaa kwenye karai lililokuwa chini yake na kumwagika. Akapiga mluzi. Mbuzi wakapenya katikati ya mstari wa picha, wakawasukuma wanawake wenye fulana, wakainama wakanywa.

Hakuna aliyewafukuza.