Mchanga Usiolisha Ng'ombe

Mwaka 1986, nikiwa na miaka kumi na miwili, shida ilitufikia ikinuka dagaa. Mpaka leo nikipita Lamadi harufu ile ikinipiga puani, nashika mkoba wangu. Tulikuwa tumehama Nkololo kwa ukame, tukakaa kwenye kisiwa kidogo cha ziwani ambacho baba aliachiwa na mjomba wake. Msidhani ni kisiwa cha maana. Kilima cha mawe katikati, majani upande wa mashariki, matete upande wa viboko, na kaya mbili tu: sisi na Bibi Kabula, mjane aliyefuga mbuzi. Masika kilikuwa kisiwa kweli. Kiangazi ulitokea ulimi wa mchanga mpaka ng'ambo, nao ulikuwa na saa zake. Asubuhi uko wazi. Ikifika saa nane upepo wa ziwa unasukuma maji, mchanga unazama, na aliyechelewa anavuka maji yakimfika kifuani, akiomba mamba wawe wameshiba. Majani ya kisiwani hayakufika mwisho wa kiangazi, kwa hiyo kila asubuhi nilivusha ng'ombe wakale ng'ambo, nikawarudisha kabla ya upepo. Baba hakuwa na mtoto wa kiume. Ngosha, mwanamume wa nyumba, nilikuwa mimi, binti.

Zilikuwa siku za ruksa. Kila mwenye mtaji aliachiwa kununua na kuuza, na watu tusiowajua wakajaa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Mmoja, tuliyemwita Tajiri, alikuja masika na mtumbwi wa injini, akaleta sukari, sabuni, na khanga ya mayu, mama yangu. Mayu aliinusa ile khanga kama nyama iliyolala. "Mtu hagawi sukari bure," akasema. "Huyu anataka majani yetu." Basi tukayalinda majani. Baba akazungushia miiba malisho. Bibi Kabula akawa analala na mbuzi ndani. Mimi nilimfuata Tajiri kila alipokwenda, nikiangalia macho yake yanatua wapi.

Yalitua chini. "Mzee, majani yako sina shida nayo," akamwambia baba. "Sina hata kuku. Nipe mchanga tu nianikie dagaa."

Baba alicheka mpaka akakaa. Kwa Msukuma wa Nkololo, ardhi ni pale ng'ombe anapoinamisha kichwa. "Chukua wote, Tajiri! Mchanga haulishi ng'ombe." Alisema mbele ya Bibi Kabula na wavuvi, na kwetu mwenye mji akishagawa mbele ya watu, basi.

Mchanga uliokuwapo siku ile ungetosha kuanika nguo za mtoto tu; ule ulimi ulikuwa bado chini ya maji. Mvua zikakata, ziwa likarudi nyuma, mchanga ukarefuka mpaka ng'ambo, na wote ukawa wake. Asubuhi moja nilifika na ng'ombe nikakuta ulimi mzima unang'aa dagaa kama bati jipya, kutoka maji mpaka maji. Mvuvi mmoja akanizuia kwa kasia. "We ngosha wa sketi, ng'ombe wako wakikanyaga hizi, mtazila na mavi yao!" Nikamwita baba. Tajiri akamsalimia kwa adabu, "Mwangaluka, mzee," kisha akamkumbusha neno lake. Njia ipo, akasema, mchana, dagaa zikishaanuliwa.

Baba alijaribu mchana. Maji yakachukua ndama wawili. Tukabaki kisiwani mpaka ng'ombe wakaanza kutafuna matete, mbavu zinahesabika. Mwisho Tajiri akatukubalia asubuhi moja tu, ya kuhama, kwa sharti tumwachie madume yote. Wavuvi wakasogeza dagaa pembeni, tukapita. Baba alitangulia, hakugeuka.

Baba alisema Tajiri hakujua, ziwa ndilo lilimpa. Mayu alikufa akisema Tajiri alijua tangu siku ya sukari. Mimi nipo upande wa mayu.

Leo wanunuzi wanakuja na simu na maneno matamu, na watoto wangu wananiambia, "Mayu, dunia imebadilika, punguza wasiwasi." Wao wamesoma, mimi niliishia darasa la tatu. Lakini sijanunua kiwanja ambacho sijakiona masika na kiangazi. Nina ng'ombe Nkololo. Nina shamba la pamba Lalago. Nina mashine ya kukoboa mpunga Bariadi, nyumba ya vyumba sita na Fuso moja. Na njia ya kuingilia kila kimoja nimeinunua, ni yangu.