Mzimu Uliokata Tiketi

Wadau, mzimu nilioutunga mwenyewe ulikata tiketi, ukavaa boya, ukakaa siti ya mbele kabisa. Na siku yenyewe bosi alikuwa ndani ya boti.

Kazi yangu ilikuwa kutembeza wageni kwa boti kuuzunguka mji wa kale. Ngome, mnara wa taa, forodha ya zamani, majumba ya matajiri waliokwisha kufa. Nashika maiki, nayapa majengo mgongo, nawatazama abiria. Miaka miwili hivyo hivyo.

Historia nilikuwa naijua nusu. Nusu nyingine natia chumvi.

Chumvi yenyewe niliimwaga kwenye nyumba ya mwisho, ile yenye dirisha moja juu. Nikifika hapo nashusha sauti: "Humo alikaa mke wa nahodha. Alimsubiri mumewe mpaka akafia dirishani. Na mpaka leo huwapungia mkono wanaopita."

Basi abiria wanapiga mayowe, wanashikana, wanapiga picha. Mimi najisemea moyoni, "Wewe kijana una kipaji!"

Wiki ile bosi akaja na habari mbaya. Anataka kufunga spika yenye sauti ya kurekodi, sisi watembezaji tukapumzike nyumbani.

"Leo napanda na wewe," akaniambia. "Nione una kitu gani ambacho mashine haina."

Nina mke na mama mzazi, wote wananitegemea. Nikajua hapa ni kufa na kupona.

Tulipofika kwenye ile nyumba nilitoa yote. Nikashusha sauti, mikono nikaitetemesha. "...mpaka leo huwapungia mkono wanaopita!"

Hakuna yowe hata moja.

Jamaa mmoja akapiga mwayo. Bosi akatazama saa. Jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo.

Ndipo bibi mmoja mfupi wa siti ya mbele akanyoosha kidole. "Mwanangu, ni dirisha lile la pazia la maua?"

Nikageuka. Haki ya Mungu, ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kugeuka. Pazia la maua lipo, na soksi mbili zimeanikwa.

"Ndilo hilo, bibi."

"Mbona ni chumbani kwangu? Kila boti ikipita watu wananishangilia, nami nawapungia. Leo nimekata tiketi nijue wananipendea nini." Akanikazia macho. "Kumbe nimekufa! Nilikufa lini, baba?"

Boti nzima ikaangua kicheko. Bosi alishika mbavu. Mimi nilitamani bahari inimeze, maana nilielewa kwamba yale mayowe hayakuwa yangu hata siku moja.

Bosi akachukua maiki mkononi mwangu, akampa bibi. Bibi akatumwagia umbea wa mtaa mzima: nani alijenga ukuta kumkomoa nani, na bwana gani aliruka dirisha lipi akimkimbia mkewe. Tulipofika gatini watu hawakutaka kushuka.

"Mtembezaji nimempata," bosi akasema.

"Na mimi je, bosi?"

Akawaza kidogo. "Bibi akiwa kwenye boti, dirishani hakuna mtu."

Kwa hiyo ndugu zangu, haya nawaandikia nikiwa chumbani kwa bibi, nimejifunika shuka jeupe, nasubiri boti ya saa tisa. Ndevu nilishanyoa. Mke wangu anajua nimepandishwa cheo.

Ukiona unashangiliwa sana kazini, geuka nyuma kidogo. Huenda kuna mtu anapunga mkono.