Kumzuia Mgeni kwa Kijerumani

Walaal, ndugu yangu, wewe ni mtu wa kuaminiwa, kwa hiyo sogea karibu nikuambie namna nilivyookoa maziwa ya watoto wangu bila mume wangu kuaibika.

Ilikuwa wakati wa DC wa Kiingereza, hapa Garissa, mwaka wa ukame. Kwetu alibaki ng'ombe mmoja tu wa kukamwa. Mjerumani fulani alikuja kutafuta mahali pa kuchimba visima, na mume wangu akamkaribisha nyumbani baada ya Asri. Alifuatana na mpishi wake, mzee wa Tanganyika. Huyu katika ujana wake aliwabebea askari wa Kijerumani mizigo, kwa hiyo ndiye alikuwa mkalimani.

Sasa, kwetu mgeni akishiba huacha maziwa kidogo kikombeni. Kikombe kitupu kinasema ongeza. Kumbe huko kwao Mjerumani, kuacha kitu ni kumdharau mwenye nyumba. Basi yeye anamaliza, mume wangu anajaza. Anamaliza tena, anajaziwa tena. Maskini mgeni jasho linamtoka, anameza kama anayekunywa dawa. Mume wangu anatabasamu, lakini jicho liko kwenye kibuyu. Na nyuma ya pazia watoto wanasikiliza chakula chao cha usiku kikienda.

Kumwambia mgeni basi, haiwezekani. Mume wangu asingeinua uso sokoni. Na Kiswahili mume wangu anakisikia, hata cha kunong'ona. Kiingereza tu ndicho hana. Mimi nilikuwa nasoma Kiingereza darasa la jioni, na wiki ile mwalimu alitupa neno la kujizuia. Nililikariri nikikoroga chai, na nikifagia uwanja. Nikamgeukia mpishi, nikamtolea Kiingereza changu chote: amwambie bwana wake, refrain.

Mzee alielewa, maana alishawapikia Waingereza pia. Lakini akakuna kichwa. Akanijibu kwa Kiingereza kibovu kama changu kwamba Wajerumani wana maneno mengi ya kujizuia, ila yeye alifundishwa na sajini, na sajini alimpa moja tu. Nikamwambia hilo hilo linatosha.

Akanyoosha mgongo, akavuta pumzi.

"Halt!"

Kumbe ndiyo amri ya jeshi, simama! Mjerumani akaruka akasimama wima, kikombe kifuani, macho mlangoni kama simba ameingia. Mume wangu naye akasimama. Mimi nikauma ushungi wangu, nikamwomba Mungu anisaidie nisicheke, maana sasa wa kujizuia nilikuwa mimi.

Mzee akaona haya. Akaanza kumweleza bwana wake pole pole, kwa Kijerumani cha kuunga-unga, bila kunyoosha kidole popote. Mgeni akawa mwekundu, halafu akacheka mpaka akafuta machozi. Akaketi, akanywa funda moja, akabakiza mawili, akaweka kikombe chini taratibu kama anaweka yai.

"Alhamdulillahi, mgeni ameshiba," mume wangu akasema, na kibuyu kikafungwa saa hiyo hiyo.

Watoto walikunywa wakalala. Tukaswali Isha. Mume wangu akakunja mkeka wake, akaniangalia.

"Mama watoto, hicho Kiingereza chenu kinashibisha haraka. Endelea kusoma."

Basi, walaal, ukikutana na mtu anayeleta mgeni wa mbali kwetu, msimulie haya kabla hawajafika. Mgeni aambiwe njiani abakize kidogo kikombeni. Na huyo naye amwambie mwingine, maana yule mzee alirudi kwao, na hapa hakuna tena wa kupiga kelele.