Siku Sauti ya Papa Ilipofika Sokoni

Harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wakikaangwa, hunifanya nigeuke kuangalia nyuma. Nageuka kweli, shingo na mabega, hata nikiwa jikoni kwangu na mlango umefungwa. Mume wangu alinicheka tulipokuwa wageni katika ndoa, kisha akaacha kucheka, akaniuliza. Nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi sasa.

Tulikuwa tunakaa Kasha, upande wa Bagira, katika nyumba ya mbao iliyopitisha baridi na maneno ya majirani. Papa, baba yetu, alikuwa mwalimu wa jiografia. Shuleni wanafunzi walimwogopa, lakini nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa. Jioni, bugali ikishafika mezani, alianza kuiga watu: padre aliyesahau mahubiri katikati, jirani yetu akigombana na mbuzi wake, mkuu wa shule akisinzia mkutanoni. Maman alimwambia, "Papa Nsimire, acha, batoto batapaliwa." Huku yeye mwenyewe akifuta machozi ya kicheko kwa pembe ya kitenge. Nsimire ni mimi, mtoto wa kwanza. Hakuna aliyetukataza kuyatoa nje mambo hayo. Tulijua tu, kama kila mtu anavyojua kwamba nguo za ndani hazianikwi barabarani.

Aliyeigwa vizuri kuliko wote alikuwa mkubwa mmoja mwenye jeep na walinzi, aliyeuzungushia lupango, yaani ua, uwanja wa mpira wa shule ya Papa akasema ni mali yake. Mkubwa huyo hakutoa amri bila kukohoa kwanza. Papa alijaza mashavu, akakohoa, hm-hm, akasema, "Wanangu, na ule mwezi kule juu, documents zake ziko wapi? Hazipo? Basi muuzungushie lupango!"

Wakati huo dada yake Papa, Shangazi Nzigire, alikuwa amelazwa hospitalini Katana. Papa hakuweza kwenda kila wiki, kwa hiyo alimtumia sauti kwa simu, ili acheke kidogo pale kitandani. Nilimwona akirekodi, amekaa kwenye ngazi ya mlango, simu karibu na mdomo, akimpelekea dada yake yule mkubwa wa jeep na mwezi wake.

Siku chache baadaye nilikwenda na Maman soko la Kadutu. Mdogo wangu Bahati, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amejua kutembea, alikuwa mgongoni mwa Maman. Tulisimama kwa mama mmoja aliyekaanga sambaza, mafuta yakichemka na moshi ukituingia machoni. Pembeni, kijana muuza vocha alikuwa ameinua simu juu, watu wamemzunguka, wanacheka hadi wanashikana mabega.

"Rudilia! Rudilia tena!"

Kutoka kwenye ile simu ikatoka sauti. Hm-hm. Wanangu, na ule mwezi kule juu.

Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha, siwafichi. Papa yangu anachekesha soko zima! Nilifungua mdomo niseme, na vidole vya Maman vikaniingia kwenye mkono hadi mfupa.

"Funga kinywa," alisema bila kuniangalia.

Tuliondoka bila sambaza. Maman alitembea polepole, kama mtu anayepita mbele ya mbwa asiyefungwa. Kila tulipopita kikundi cha watu wanaocheka nilitazama nyuma. Sikujua naogopa nini hasa. Nilijua tu kwamba kitu cha mezani kwetu kilikuwa kinatembea mjini bila sisi.

Jioni Papa alimpigia dada yake, na simu ilikuwa na sauti kubwa, sote tukasikia. Shangazi alikuwa analia.

"Kaka, maman wa kitanda cha pembeni alikuwa na huzuni sana. Nikasema na yeye acheke. Kijana wake akaniomba nimutumie, nikamutumia. Kijana muzuri, anasali."

"Nilikutumia wewe, Nzigire," Papa alisema. "Wewe peke yako."

Hakumgombeza. Heri angemgombeza. Asubuhi alitoka na mkoba wake kama anaenda shuleni, lakini badala ya kushika njia ya shule aliteremka kuelekea mjini, na kutoka huko akaenda kujificha Mumosho, nje ya mji, kwa rafiki yake wa zamani. Sisi tuliambiwa yuko kwenye semina ya walimu.

Siku zilizofuata zilikuwa na kikohozi kila mahali. Watoto bombani walikohoa, hm-hm, wakaanguka kwa kicheko. Hawakujua ni nani waliyemwiga; kwao ilikuwa mchezo. Maman akisikia kikohozi nje ya ukuta alisimama na mwiko mkononi hadi chakula kikaungua. Niliota kwamba sauti ya Papa inagonga mlango bila Papa mwenyewe.

Kisha wakaja watu wawili, mchana, jua likiwaka. Jeep waliiacha chini barabarani. Mmoja alibaki mlangoni. Mwingine aliingia, akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha Papa. Alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo iliyonitoa jasho.

"Maman, hatuna ubaya na weye," alisema. "Papa ya batoto iko wapi?"

"Alienda semina."

"Semina." Akatabasamu, akaniita nisogee. "Weye uko mukubwa, uko na akili. Sikiliza hii, uniambie ni sauti ya nani."

Akabonyeza simu. Papa akajaa chumbani. Mimi hapo nilipambana na vitu viwili kwa pamoja: hofu, na kicheko. Ndiyo, kicheko. Maana Papa alikuwa akichekesha kweli, na mwili wangu ulikuwa umezoea kucheka pale. Niliuma ulimi hadi nikaonja damu.

"Sijui, papa," nilisema, kama kwetu tunavyomwita kila mwanaume mzima kwa heshima.

Akaweka tena. Na nyuma yangu Bahati, aliyekuwa akicheza sakafuni, akainua kichwa. Akatazama mlango wa chumba, akatazama chini ya meza, akimtafuta mwenye sauti. Nikaona midomo yake ikikutana kutamka neno alilolijua vizuri kuliko yote.

Maman alimnyanyua, akafungua blauzi yake yote mbele ya wale wanaume, akampachika titi mdomoni. Hakujifunika kitenge. Maman huyo ambaye kanisani alijifunika hadi shingo, ambaye hakuwahi kunyonyesha mbele hata ya shemeji zake. Yule wa mlangoni akageuza uso. Yule aliyeketi akatazama kofia yake, akaizungusha, akasimama.

"Atarudi, utamwambia tulipita," alisema.

Hawakurudi. Baada ya miezi yule mkubwa alihamishwa mkoa mwingine, na Papa akarudi amekonda. Uwanja wa mpira haukurudi. Mezani Papa alikula, akatushukuru, akalala. Shangazi alipona, na kila alipotutembelea alileta zawadi nyingi kupita kiasi, na Papa alizipokea kwa mikono miwili. Lakini kuiga mtu, hakuiga tena.

Miaka mingi nilidhani Maman alimnyonyesha Bahati kwa sababu mtoto alikuwa na njaa. Nilipopata mtoto wangu, nikajifunza aibu ya kufungua kifua mbele ya wageni, ndipo nilipoelewa kwamba siku ile alitoa siri yake ili kufunika ya mumewe.

Mwaka huu ile audio ilizuka tena katika kundi la simu la marafiki wa zamani wa shule. Hakuna aliyejua ni ya nani. Bahati sasa ni kijana, na kila ninapomwambia kwamba Papa alikuwa mchekeshaji ananiuliza, "Papa gani?" Nikafikiri, hapa ninao ushahidi. Nikaenda kumwomba Papa ruhusa ya kumsikilizisha.

Aliweka mikono magotini.

"Ile nilimwambia dada yangu," alisema.

Niliifuta mbele yake. Katika simu za watu nisiowajua ingali ipo, wanaiweka wakitaka kucheka. Bahati hajaisikia.